Meza ya Pili: Ushauri kwa Mafundi Seremala wa Ngara na Biharamulo

Mteja anayeingia karakana ya Ngara mjini au ya Nyakanazi kutafuta kabati hapimi viungo vyako. Hajui ulimi umeingia tundu kwa sentimita ngapi, wala hajui gundi uliyotumia. Anapitisha kiganja juu ya mlango, anainamisha kichwa kidogo kutazama mng'ao, anavuta droo mara moja, na hapo ameshaamua. Kiganja hicho kikikuta punje za mchanga zimegandia kwenye vanishi, bei inashuka papo hapo, na fundi aliyechonga viungo vya kudumu miaka mingi analipwa sawa na aliyeunga kwa misumari.

Hili linanisikitisha, kwa sababu ujuzi wa kuunga mbao katika wilaya hizi mbili upo, tena mwingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali pa kumalizia kazi. Kitanda kinachongwa juu ya benchi, kisha kinashushwa chini kupigwa msasa katikati ya maranda, halafu kinatolewa nje kupakwa vanishi kando ya barabara, malori yaendayo mipaka ya Rusumo na Kabanga yakipita. Vumbi letu jekundu halina subira. Fundi anapaka, vumbi linatua, anakwangua, anapaka tena. Vanishi inaisha, thina inaisha, na uso wa mbao bado una chembechembe.

Ushauri wangu ni huu: jenga meza ndogo ya pili, ya kumalizia kazi peke yake, uiweke mbali na ile ya kuranda na kugonga. Mbao tano zinatosha. Haihitaji umeme, wala jiliwa la chuma la kuagiza Mwanza.

Labda utauliza mbona wazee wetu walifanya kazi nzuri bila meza ya pili. Jibu liko kwenye mbao zenyewe. Mzee aliyetengeneza kiti kwa muninga, mvule au mkora alikuwa na mti uliomsaidia. Muninga una rangi yake na mafuta yake; ukiuranda vizuri na kuusugua kwa nta, unang'aa wenyewe, na ukiacha mkwaruzo mdogo rangi ya mti inauficha. Miti hiyo haipatikani tena kama zamani. Mashamba yamepanuka, mkaa umechomwa, na Ngara ina historia yake ya pekee: mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji ndani ya siku chache. Watu wale walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vya jirani vililipa gharama. Upande wa Biharamulo, sehemu kubwa ya mapori yaliyobaki iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu mwaka 2019, na humo mtu haingii na msumeno.

Kwa hiyo mbao unayouziwa leo ni ya mti uliopandwa: msonobari, mkaratusi, mgravilea wa mashamba ya kahawa na migomba, na pengine muhumula. Sizidharau mbao hizi. Mgravilea uliopasuliwa kuelekea kiini una maua yanayometa ambayo muninga hauna, na ni aibu kuyafunika kwa rangi ya mafuta. Lakini ni mbao zisizosamehe. Msonobari unanyonya rangi kwa mabaka, macho yake yanatoa utomvu, na ulaini wake unaonyesha kila mkwaruzo. Mkaratusi ni mgumu na unapenda kupinda. Muhumula unatoa manyoya ukiusugua haraka. Thamani ya mbao hizi inazaliwa kwenye umaliziaji, na ndiyo maana meza ya pili, ambayo zamani ilikuwa anasa, leo ni chombo cha kazi kama randa.

Kabla ya kukata chochote, chagua mahali. Kona ya karakana iliyo mbali na msumeno, yenye ukuta pande mbili, inafaa kuliko katikati. Kama karakana yako ni banda la mabati lililo wazi, zungushia kona hiyo turubai au mifuko ya saruji iliyoshonwa pamoja, kutoka juu hadi karibu na sakafu. Hilo si pambo. Ndani ya karakana, chembe nyingi zinazoharibu vanishi hazitoki barabarani. Zinatoka kwenye randa ya mwenzako aliye hatua nne kutoka kwako.

Dirisha au uwazi wa kuingiza mwanga uwe upande wa kaskazini au kusini. Sisi tuko karibu sana na ikweta, na jua letu linachomoza na kuzama likitazama moja kwa moja madirisha ya mashariki na magharibi. Mwanga mkali wa asubuhi ukipiga vanishi mbichi, uso unakauka kabla ya ndani, na mapovu yanabaki. Mwanga wa kaskazini au kusini ni mtulivu, na ukiweka meza ubavuni mwa dirisha, unaingia kwa mshazari juu ya mbao. Mwanga wa mshazari ndio unaofichua kasoro. Taa inayoning'inia juu ya kichwa inazificha.

Sasa mbao. Tafuta tatu za inchi mbili kwa nne na mbili za inchi mbili kwa sita, zote za futi 12. Msonobari unatosha, maana meza hii haipigwi nyundo, ila hakikisha umekauka. Mbao ya msonobari iliyotoka kupasuliwa juzi itakupindia meza kabla hujaitumia. Zipange kivulini juu ya matofali, kila mbao ikitenganishwa na nyingine kwa papi nyembamba zilizolingana, uziache miezi kadhaa upepo upite. Mbao ngumu kama mkaratusi zinataka muda mrefu zaidi; mafundi wengi duniani hukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na huo ni mwongozo mzuri hata kwetu. Ukinunua, dai risiti, na kama unasafirisha kutoka wilaya moja kwenda nyingine, uwe na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haitofautishi mbao ya meza yako na mbao ya biashara, na kizuizi cha barabarani si mahali pa kuanza kujieleza.

Urefu wa meza kwenda juu ndio jambo ambalo wengi hulikosea, kwa sababu wanaiga benchi la kurandia. Kuranda kunataka benchi la chini ili uzito wa mwili usukume randa. Kumalizia kunataka macho na vidole, si mgongo. Simama wima na viatu vyako vya kazi, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, halafu punguza sentimita 15. Kwa mtu wa kimo cha kawaida inakuja karibu sentimita 90. Fundi mfupi asione haya kushusha, na mrefu asikubali kuinama. Mgongo wa seremala unaharibika polepole kwenye meza aliyojengewa mtu mwingine.

Mbao ya kwanza ya mbili kwa nne inatoa miguu minne ya sentimita 85, na kipande kidogo kinabaki, usikitupe. Ya pili inatoa mbao za kulala za juu, zinazounganisha miguu: mbili za sentimita 105 na mbili za sentimita 50. Ya tatu inatoa vipande hivyo hivyo kwa ajili ya chini. Geuza miguu ili upana wake wa inchi nne ufuate upana wa meza, siyo urefu. Hivyo mbao fupi zinapata mahali pa kuzamisha ulimi mrefu, hadi sentimita 6, na ncha za meza zinabaki zimetokeza nje ya miguu. Utaihitaji hiyo sehemu iliyotokeza kila siku, kwa kubania kazi.

Chonga ulimi na tundu. Najua misumari ni haraka, lakini kupiga msasa ni kusukuma na kuvuta maelfu ya mara, na kiungo cha msumari kinalegea kwa mwendo huo hasa. Ulimi wa unene wa theluthi moja ya mbao unatosha. Paka gundi, ingiza, toboa tundu la kupita pembeni na ugonge kijiti cha mbao ngumu. Kabla gundi haijakauka, pima mishazari ya fremu kwa futi kamba kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Vikitofautiana, sukuma kona iliyozidi.

Mbao za mbili kwa sita zikatwe vipande vya sentimita 120, vitatu kila moja. Vipande vinne vinakuwa uso wa meza, viwili vinakuwa rafu ya chini. Usivigundishe ubavu kwa ubavu. Mbao hunywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi, na kila mara inapanuka na kusinyaa kwa upana, wala si kwa urefu. Ukizigundisha na kuzipigilia, lazima kitu kipasuke. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya mbao na mbao, funga kila moja kwa skrubu mbili tu kila mwisho, zikiwa karibu na katikati ya upana, ili kingo zibaki huru. Nafasi hizo zina faida nyingine: vumbi la msasa linaanguka chini badala ya kukaa juu ya meza na kukwaruza kazi.

Kwenye rafu weka mawe au mfuko wa mchanga. Meza nyepesi inatembea ukiisugua.

Miguu isikanyage udongo. Karakana zetu nyingi zina sakafu ya ardhi, na mchwa wa Biharamulo hawahitaji mwaliko. Simamisha kila mguu juu ya tofali la kuchoma au jiwe bapa (unene wake uupunguze kwenye urefu wa mguu unapokata), na sentimita 10 za mwisho za mguu zichovye kwenye oili chafu ya gari, uziache zinywe usiku mzima. Fanya hivyo kabla ya kupanga uso wa meza, na ngoja ikauke kabisa. Oili hiyo ikigusa mbao ya mteja, hakuna vanishi itakayoshika hapo.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda zaidi, yaani namna ya kushika kazi bila kuiumiza. Kwenye meza ya kuranda tunabana kwa nguvu. Kwenye meza hii kazi inashikiliwa kwa upole, na inageuzwa mara nyingi. Tandika blanketi la zamani lililofuliwa, likunjwe mara mbili. Gunia halifai, nyuzi zake zinaacha alama kwenye msonobari na katikati yake hujificha mchanga. Kung'uta blanketi nje kila asubuhi, na siku unayopaka, liondoe kabisa.

Ili mbao isiteleze wakati wa msasa, kata vipande vinne vya soli ya kandambili zilizochakaa, vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, uviweke chini ya kona za kazi. Vinashika vizuri mno. Ila usiweke kandambili chini ya kitu kilichopakwa vanishi ambayo haijakomaa, maana mpira unaacha doa lisilotoka. Kwa kazi iliyopakwa, tengeneza vibao vya misumari: chukua kile kipande cha mbili kwa nne kilichobaki, kikate vinne, gonga misumari mitatu kila kimoja hadi ncha zitokeze juu kidogo. Mlango wa kabati ukilala juu ya ncha hizo unaweza kupaka upande wa nyuma, ukaugeuza, ukapaka wa mbele siku ile ile. Vidoa vya ncha za misumari vinabaki upande ambao hakuna anayeutazama.

Kama unataka mshiko imara kwa mguu wa stuli au kipande cha kuchonga, nenda kwa mfua chuma. Nchi hii ya kusini magharibi mwa Ziwa Victoria ina urithi wa chuma wa zamani. Warongo wa Buzinza walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma vizazi vingi kabla ya ukoloni. Mwombe fundi chuma akukunjie nondo laini ya milimita 16 iwe na shingo ndefu na mdomo bapa ulioinama, umbo la fimbo ya mzee. Toboa tundu la milimita 18 kwenye uso wa meza, ingiza shingo, weka kibao laini chini ya mdomo, ugonge juu mara moja. Shingo inajipinda ndani ya tundu na kubana. Ukitaka kuachia, gonga nyuma. Chombo hiki kimetumika Ulaya tangu zamani sana na hakijapata mbadala wa bei nafuu zaidi. Hapa ndipo unaona sababu ya kuchagua uso wa inchi mbili: ubao wa inchi moja hauna kina cha kuishika nondo.

Kifaa kimoja zaidi, kwa wanaotengeneza stuli, viti na meza ndogo. Kata ubao wa mviringo au hata wa mraba, wa sentimita 40, toboa katikati, ufunge juu ya ubao mwingine kwa bolti moja na nati mbili zilizokazwa zenyewe kwa zenyewe, huku kati ya mbao hizo umepaka mshumaa. Ukiweka stuli juu yake, unaizungusha kwa kidole wakati unapaka, wewe umesimama pale pale penye mwanga. Wengi wanaacha nyuzi za vanishi zinazochuruzika kwenye miguu ya viti kwa sababu wanaizunguka kazi na kuona upande mmoja gizani.

Vitu vikubwa, makabati na vitanda, havitapanda meza hii, na havipaswi kupanda. Tengeneza viegemeo viwili vifupi vya urefu wa magoti, ukutani karibu na meza, vyenye blanketi juu. Lakini fikiria pia kubadili mpangilio wa kazi: milango, droo na rafu zimaliziwe juu ya meza kabla ya kufungwa kwenye kabati. Kazi iliyolala haichuruziki, na kona za ndani, ambazo brashi haifiki kabati likishasimama, zinapata haki yake.

Meza ikiwa tayari, tumia kwanza kikwangulio, kisha msasa. Kikwangulio unakitoa kwenye msumeno wa mkono uliochakaa. Kata kipande cha mstatili cha ukubwa wa kitambulisho cha taifa au kikubwa kidogo, sugua ukingo wake kwa tupa hadi uwe mraba kabisa, halafu pitisha shingo ya bisibisi ngumu kwa kukandamiza ili ukingo utoe ulimi mdogo usioonekana ila unaosikika ukigusa kwa kidole. Kishike kwa mikono miwili, kipinde kidogo kwa vidole gumba, ukisukume. Kikitoa vumbi, hakijanolewa. Kikitoa maranda membamba kama karatasi ya sigara, umepata. Kwenye mgravilea na mkaratusi, ambako nyuzi hugeuka na randa hung'oa, kikwangulio kinaokoa karatasi nyingi za msasa.

Msasa uanze namba 120, uende 180, uishie 240. Mbao yenye alama za randa au msumeno ianze 80. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 240, inang'arishwa tu, na vanishi itaionyesha. Fungia msasa kwenye kipande cha mbao bapa chenye soli ya kandambili chini yake. Vidole vitupu vinachimba mabonde. Sugua kufuata nyuzi. Kila unapobadili namba, futa vumbi kwa kitambaa, washa tochi ya simu na uilaze mezani ili mwanga utambae juu ya mbao. Utaona usichokiona mchana. Baada ya 180, pitisha kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke, manyoya yasimame, ndipo 240 iyakate. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha uso laini wa leo na uso unaobaki laini hata baada ya mteja kuufuta kwa maji nyumbani.

Msonobari una mahitaji yake. Macho yenye utomvu yafute kwa thina, yakauke, kisha yapake sheleki mara mbili kabla ya kitu kingine. Ukitaka kuutia rangi ya muninga, anza na sheleki iliyopunguzwa sana kwa spiriti kwenye mbao nzima, halafu rangi. Mabaka yatapungua. Mimi, kusema kweli, ningependa tuache kuuvika msonobari nguo ya muninga. Rangi yake ya asali ni nzuri, na mteja anayeambiwa ukweli kuhusu mbao hurudi.

Vanishi isitikiswe, ikorogwe taratibu, maana mapovu ya kwenye kopo yanahamia mezani. Ichuje kwa kitambaa chepesi. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, uliopunguzwa kwa thina inayoendana na vanishi hiyo, uingie ndani ya mbao. Kila mkono ukikauka, gusa kwa msasa wa 320, futa, paka tena. Mikono mitatu miembamba inashinda mmoja mnene, na siku ya kupaka isiwe siku ya kusugua chochote karakana nzima. Nusu saa kabla, nyunyizia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale.

Masika na vuli vina tabia yao. Vanishi za kukauka haraka, na hasa sheleki, zikipakwa hewa ikiwa nzito kwa unyevu, zinageuka ukungu mweupe. Thina inapotoroka haraka inapoza uso, na unyevu wa hewani unatua juu yake. Kwa hiyo msimu wa mvua paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, umande ukiwa umekwisha na mvua ya jioni haijaja. Ukungu ukitokea, usikwangue kwanza. Ngoja siku yenye jua, pitisha mkono mwembamba wa thina au spiriti, na mara nyingi unaondoka wenyewe.

Kwa miiko, mbao za kukatia mboga, vinu na vyombo vingine vya jikoni, achana na vanishi. Nta ya nyuki haiko mbali na sisi; ufugaji wa nyuki ni kazi ya zamani Biharamulo. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta ya alizeti, iyeyushwe ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Paka mchanganyiko ukiwa vuguvugu, ngoja, sugua kwa kitambaa hadi mkono usiteleze. Mafuta ya alizeti hukauka polepole, hivyo paka kidogo sana. Ukizidisha, chombo kitanata na kushika vumbi. Kwa samani zisizoguswa na chakula, mafuta ya kitani ni bora zaidi.

Na mafuta ya kitani yana hatari ambayo wengi hawaijui. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo, kikikunjwa na kutupwa kwenye rundo la maranda, hujipasha moto chenyewe na kinaweza kuwaka usiku bila kiberiti. Kitandaze nje kwenye kamba hadi kikauke na kukakamaa, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji. Thina isikae karakana moja na jiko la mkaa la gundi au chai. Karakana za mabati na mbao zikishika moto, zinakwenda zote pamoja na za jirani.

Vumbi nalo ni adui wa pumzi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mvule huwasha ngozi na pua, na mgravilea nao huwaletea baadhi ya watu upele. Vijana mnaowafundisha, waliotoka VETA au waliokuja moja kwa moja kutoka darasa la saba, wanawaiga. Fundi mkuu akivaa barakoa, na wao watavaa. Akifunga kitambaa chepesi tu, watafunga kitambaa, ingawa vumbi la msasa wa 240 linapenya humo bila shida.

Meza yenyewe isipigwe vanishi. Uso unaong'aa unateleza, na matone ya gundi yakigandia juu yake yanang'oka na vipande. Ipake mafuta ya kitani yaliyopunguzwa kwa thina, mkono mmoja, ifute ikauke. Kila mwisho wa wiki kwangua matone ya gundi na vanishi kwa kile kikwangulio. Mwezi Agosti, kabla ya mvua za vuli, geuza meza ubavu, kagua miguu kama mchwa wamegusa, kaza skrubu, na pima tena kama imesimama sawa kwa pimamaji. Nafasi kati ya mbao za uso zitakuwa zimepanuka kidogo kwa kiangazi. Ziache hivyo, mvua zikirudi zitafunga.